Geji inasoma hasi, kompyuta inapandisha mkazo: kiungo chetu cha gundi kina tatizo gani?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi mbao na sasa nasoma diploma ya uhandisi. Na wenzangu tunataka kutengeneza kenchi za paa la ukumbi wa kanisa kwa mbao za paini kutoka Mafinga, tukiunga vipande vifupi kwa gundi nyeupe. Tumejaribu kiungo cha kupishana: mbao mbili zenye unene wa milimita 20 na upana wa 50, zimepishana kwa milimita 100. Tumebandika geji tatu za streni, vile vibandiko vya waya mwembamba vinavyopima ubao umerefuka au umebanwa kiasi gani. Tulipovuta kwa kilonewtoni 10, geji iliyo mbali na kiungo ilisoma mikrostreni 1,000. Ile ya mgongoni mwa ubao, pale mpishano unapoanzia, ilisoma hasi 700, na sisi tunavuta, hatusukumi! Ya tatu, ubavuni karibu na gundi, inatoa jibu jingine kila tukirudia. Usiku, bila mzigo wowote, zote zinasogea. Nikatengeneza modeli ya kompyuta: kwa wavu (vipande ambavyo kompyuta inakigawa kiungo) wa milimita 2 mkazo wa kukata mwishoni mwa gundi ni megapaskali 8, kwa milimita 1 ni 11, kwa nusu milimita ni 15. Haisimami. Geji mbovu, gundi mbovu, au kompyuta inadanganya? Na tukirefusha mpishano hadi milimita 200, nguvu itakuwa mara mbili?"

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza nikutoe hofu: kwa namba ulizoandika sioni geji mbovu hata moja, na kompyuta yako inakujibu sawasawa kile ulichoiuliza. Kinachokusumbua ni kwamba unalinganisha vitu visivyolingana. Geji inakupa wastani wa eneo fulani la uso wa mbao. Kompyuta inakupa thamani ya nukta moja ndani ya kona kali. Kichwani mwako una namba ya tatu, mzigo uliogawanywa kwa eneo la gundi. Hizo tatu hazitakutana hadi uzilazimishe kusimama mahali pamoja na kupima eneo la ukubwa uleule.

Kuna jambo moja hukuliuliza nalo ni zito kuliko yote uliyouliza: gundi nyeupe kwenye kenchi. Nitalifikia, na tafadhali usiishie njiani kabla hujalisoma.

Tuanze na ile hasi 700, maana ndiyo iliyokutisha. Streni ni badiliko la urefu likigawanywa kwa urefu wa awali, na mikrostreni moja ni sehemu moja ya milioni. Ubao wako una eneo la milimita za mraba 1,000, kwa hiyo kilonewtoni 10 ni mkazo, yaani nguvu ikigawanywa kwa eneo, wa megapaskali 10. Geji ya mbali ikisoma 1,000, maana yake moduli ya ubao huo, yaani ukakamavu wake, mkazo ukigawanywa kwa streni, ni kama megapaskali 10,000, namba ya kawaida kabisa kwa paini. Hiyo geji iko salama.

Sasa tazama kiungo kwa ubavu. Ubao wa chini unavutwa kushoto, wa juu unavutwa kulia, na mistari yao ya katikati imepishana kwa milimita 20. Nguvu mbili zinazovutana bila kuwa kwenye mstari mmoja hutafuta kujinyoosha. Kiungo kinajizungusha kidogo, na kila ubao unapinda pale unapoingia kwenye mpishano. Upande wa gundi unavutwa zaidi, mgongo unabanwa. Mkazo wa kupinda unaweza kufika hadi mara tatu ya ule wa kuvuta, kutegemea unavyoshika ncha na ukubwa wa mzigo. Kwako umefika kama mara 1.7: moja toa 1.7 ni hasi 0.7, ndiyo hasi 700 yako. Goland na Reissner walilifanyia hesabu jambo hili mwaka 1944, na hadi leo wanafunzi wengi hukutana nalo kwa mara ya kwanza kwenye geji, wakadhani wamegeuza nyaya.

Ukitaka kuhakikisha, bandika geji ya pili upande wa pili wa ubao huohuo, ule unaotazama gundi, nje kidogo tu ya mpishano. Natarajia isome karibu 2,700. Jumlisha mbili hizo ugawe kwa mbili, unapata mvuto halisi, 1,000. Chukua tofauti yao ugawe kwa mbili, unapata mpindo, 1,700. Kwenye kiungo cha kupishana usibandike geji upande mmoja tu. Geji moja peke yake haiwezi kutenganisha kuvuta na kupinda, hata iwe ya bei gani.

Geji ya tatu ina matatizo mawili. La kwanza ni mwelekeo. Ukiilaza sambamba na nyuzi za mbao, haipimi mkazo wa kukata hata kidogo. Mkazo wa kukata, ule unaofanya mbao mbili zitake kuserereka moja juu ya nyingine, hubadilisha pembe, na ili uusome unahitaji geji zilizolazwa kwa pembe ya digrii 45. La pili ni ukubwa. Tabaka la gundi lililobanwa vizuri lina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Geji yenye urefu wa milimita 5 haiwezi kulipima. Inapima mbao iliyo jirani, na pale mwishoni hali hubadilika sana ndani ya milimita moja. Ukiisogeza kwa upana wa kucha, unapata jibu jingine.

Tena mbao haifanani hata ndani ya milimita 5. Paini wa mashamba hukua haraka na pete zake ni pana. Chukua kipande chako, kirande vizuri, ukitazame kwa lenzi: utaona mkanda mpana mweupe na laini, kisha mkanda mwembamba wa rangi ya kahawia, mgumu, unaong'aa kidogo. Geji fupi inaweza kukaa yote juu ya mkanda mgumu, na jirani yake yote juu ya ule laini. Ndiyo maana kwa kupima ubao mzima tunatumia geji ndefu, milimita 20 hadi 30 au zaidi, ipate wastani wa pete kadhaa. Ukiwa karibu na gundi huna nafasi hiyo, na hapo geji inafika mwisho wa uwezo wake.

Kuhusu kusogea usiku, hilo ni unyevu na joto. Mbao inapopata au kupoteza asilimia moja ya unyevu, hubadilika kama mikrostreni 100 kwa urefu wa nyuzi, lakini kwa upana hubadilika 1,500 hadi 2,500. Geji ikipinda kidogo tu kutoka kwenye mwelekeo wa nyuzi, inachota sehemu ya hayo makubwa. Ongeza joto: geji nyingi hutengenezwa zikiwa zimelinganishwa na chuma, ambacho hutanuka kama 11 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, wakati mbao kwa urefu wake hutanuka kama 4. Joto likishuka nyuzi 10, unapata kama 70 za uongo. Na kumbuka unachopima ni kidogo mno. Kwa geji yenye ukinzani wa umeme wa omu 120, mikrostreni 1,000 ni badiliko la omu 0.24 tu. Waya uliolegea unatosha kukuchezea.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Kata kipande kutoka ubao uleule, bandika geji ileile kwa mwelekeo uleule, kiweke kando ya jaribio bila mzigo, na ukiunganishe kwenye mkono wa pili, ulio jirani, wa daraja la Wheatstone, yaani sakiti ya mikono minne inayolinganisha ukinzani. Kinachotokea kwenye vipande vyote viwili kinafutika, kinabaki cha mzigo. Tumia geji za omu 350 kama unazipata, na volti ndogo, moja au mbili. Mbao haipitishi joto vizuri kama chuma, na geji yenye umeme mwingi inajichemsha yenyewe palepale ilipobandikwa.

Kwa eneo la karibu na gundi, ningekushauri uachane na geji utumie kamera. Paka ubavu wa kiungo rangi nyeupe isiyong'aa, nyunyiza vidoa vyeusi, piga picha kabla na wakati wa kuvuta, kisha programu inafuatilia vidoa vimehama kiasi gani. Ncorr, iliyotengenezwa Georgia Tech, ni ya bure, ingawa inahitaji programu ya hesabu ya MATLAB. Kidoa kiwe na upana wa pikseli 3 hadi 5 kwenye picha. Kamera itazame ubavu wa kiungo moja kwa moja bila kuinama upande, mbali kadiri lenzi inavyoruhusu, kwa sababu kiungo kikisogea milimita moja kuelekea kamera iliyo umbali wa mita moja, programu itakupa streni ya 1,000 ambayo haipo. Na kiungo chako kinapinda, kwa hiyo jihadhari. Kabla ya jaribio piga picha mbili bila mzigo uzilinganishe. Streni utakayoiona hapo ni kelele ya mtambo wako, na kitu chochote kidogo kuliko hiyo usikiandike kwenye ripoti.

Hata kamera haitakuonyesha streni ndani ya gundi. Itakuonyesha kitu bora: mbao ya juu imeserereka kiasi gani ukilinganisha na ya chini, mathalani milimita 5 juu na milimita 5 chini ya tabaka la gundi, kuanzia mwanzo wa mpishano hadi mwisho wake. Mchoro huo wa kuserereka ndio wa kulinganisha na modeli. Modeli ya kompyuta hukosea kidogo sana kwenye kusogea kuliko kwenye mkazo wa kileleni.

Hapo sasa tunafika kwenye kompyuta yako. Angalia namba zako: 8, 11, 15. Kila ukipunguza wavu nusu, mkazo unazidishwa kwa kama 1.37. Uwiano ukiwa uleule kila hatua, hiyo ni alama kwamba uko kwenye kona kali ambapo nadharia yenyewe haina kikomo. Endelea hadi sehemu ya mia ya milimita na bado utapanda. Kuna wanaoongeza vipande wakingoja isimame, na kuna wanaochagua wavu unaowapa jibu wanalolipenda. Njia zote mbili hazina msingi, na ya pili ni hatari, kwa sababu inaingia kwenye ripoti ikiwa na sura ya hesabu.

Kabla ya kona, hakikisha modeli yako inajua kwamba hiyo ni mbao. Wengi huingiza moduli moja kama ya chuma. Kwa paini wako weka takribani megapaskali 10,000 kwa urefu, mia kadhaa tu kwa upana, na kama 600 kwa kukata sambamba na nyuzi. Hiyo 600 ndiyo siri ya kiungo chako, na hapa naomba tukae kidogo.

Fomula maarufu ya usambazaji wa mkazo kwenye mpishano ni ya Volkersen, ya mwaka 1938, aliyeanza na viungo vya ribiti. Inachukulia kwamba mbao zinarefuka tu, na gundi peke yake ndiyo inayoserereka. Ukiweka gundi yenye moduli ya kukata ya megapaskali 500 na unene wa 0.1, kwa vipimo vyako inasema kilele ni mara 11 ya wastani. Ukiamini hilo utaacha kutumia gundi maisha yako yote. Lakini linganisha: kwa kila megapaskali moja, gundi hiyo inaserereka milimita 0.0002, wakati mbao zako mbili, kwa unene wake, zinaserereka kwa jumla kama 0.022. Mbao inalegea zaidi ya mara 100 kuliko gundi. Ni kama kugundisha magodoro mawili ya sponji kwa karatasi katikati: ukivuta, kinachosogea ni sponji, karatasi inabebwa tu. Ukiingiza ulegevu huo wa mbao kwenye fomula ileile, kilele kinashuka kutoka mara 11 hadi mara 1.35 hivi. Pale nukta ya mwisho kabisa bado kuna kona, lakini ni eneo dogo mno, na sehemu kubwa ya kiungo inabeba mzigo kwa usawa kuliko fomula ya asili inavyotisha.

Kwa hiyo kiungo kitavunjika lini? Kilele hakikwambii. Mbao haipasuki kwa sababu nukta moja imefika namba fulani. Inapasuka pale nguvu zilizojikusanya zinapotosha kusukuma ufa mbele. Tunaita nishati ya kupasua, na kwa paini, ufa ukienda kwa kuserereka, ni kama juli 1,000 kwa mita ya mraba. Ukitumia kompyuta, weka kwenye tabaka la gundi elementi (vipande vya wavu) zinazolegea taratibu kulingana na nishati hiyo. Hapo jibu lako halitategemea tena wavu. Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kimefanya kazi kubwa ya viungo vya mbao kwa njia hii. Lakini hata kalamu na karatasi vinatosha kujibu swali lako la milimita 200.

Ukichukulia gundi na mbao vinafikia nguvu yote ya kukata, tuseme megapaskali 8, kwa urefu wote kwa pamoja, unapata 8 mara 50 mara 100, ambayo ni kilonewtoni 40. Kwa urefu wa 200 ungetarajia 80. Sasa upande wa nishati: zidisha 4 kwa moduli 10,000, kwa unene 20, kwa nishati 1 (juli 1,000 kwa mita ya mraba ni newtoni 1 kwa milimita), kipeuo cha pili cha 800,000 ni kama 894, zidisha kwa upana 50, unapata kilonewtoni 45 hivi. Tazama kilichokosekana kwenye hesabu hiyo ya pili: urefu wa mpishano haumo. Hesabu ya kwanza inaifikia hiyo 45 kwa urefu wa kama milimita 110; ukishavuka hapo, unaongeza gundi na mbao bila kuongeza nguvu. Ufa utaanzia mwishoni na kukimbia wote. Jibu lako basi ni hapana.

Tena hizo 40 na 45 ni za kiungo kisichopinda. Chako kinapinda, na kupinda kunaleta mkazo wa kubandua pale mwishoni, unaotenganisha nyuzi kwa upana wake. Huko mbao ni dhaifu mno, haivumilii zaidi ya megapaskali chache, na nishati ya kuipasua ni kama robo ya ile ya kuserereka. Sitarajii kiungo chako kifike 40.

Ukitaka nguvu, badilisha umbo. Kiungo cha mshazari, kilichokatwa kwa mteremko wa 1 kwa 10, kinaweka mbao zote mbili kwenye mstari mmoja, hakipindi, na mkazo wake unakaribia kuwa sawa kote. Meno ya vidole hufanya kazi hiyohiyo kwa urefu mfupi, ila yanahitaji mashine yenye visu vizima. Kupishanisha pande mbili, ubao katikati na vipande viwili nje, kunapunguza sana kupinda. Kama lazima ubaki na mpishano wa upande mmoja, chonga ncha ziwe nyembamba kuelekea mwisho.

Kisha ukivunja kipande, usitupe. Kitazame. Ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kuganda pande zote mbili, gundi ilifanya kazi yake na mbao ndiyo iliyochoka. Ukiona uso laini unaong'aa, gundi haikushika: labda randa ni butu na imeponda nyuzi, labda mbao ilirandwa wiki iliyopita ikakaa na vumbi, au klampu zilikuwa chache. Dakika tano za kutazama uso uliovunjika hunifundisha zaidi ya kurasa nyingi za grafu.

Sasa ile gundi nyeupe. Ni gundi nzuri kwa meza, kabati na viti, nami siidharau. Lakini ikibebeshwa mzigo wa kudumu inatambaa taratibu, na ikipata joto inalainika. Chini ya mabati mchana wa jua, kenchi zako zitapata vyote viwili kila siku. Jaribio lako la kuvuta kwa dakika mbili haliwezi kukuonyesha hilo kabisa. Kiungo kinaweza kufaulu leo kwa kilonewtoni 30 na kuachia baada ya miezi kwa mzigo mdogo kuliko huo. Hata ile inayouzwa kama haipitishi maji imepewa daraja la kuvumilia unyevu. Haijapimwa kwa kubeba paa. Mihimili ya mbao zilizogundishwa imebeba mapaa makubwa tangu Otto Hetzer wa Weimar alipopata hataza yake mwaka 1906, kwa hiyo sikatai gundi. Nakataa gundi hii kwa kazi hii. Za kubeba paa ni za fenoli-resorsinoli, melamini-urea au poliurethani zilizothibitishwa kwa mihimili, zikitumika kwenye mbao iliyokaushwa vizuri, kwa mgandamizo na muda ulioandikwa na mtengenezaji.

Ukumbi wa kanisa ni watu mamia chini ya paa moja. Kwa hatua mliyofikia, maabara yenu ni nzuri kwa kujifunza, nami nawaomba muendelee, lakini msipandishe kenchi hizo kwa kutegemea majaribio haya. Tafuteni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje aone mbao, mchoro na eneo lenyewe. Kwa upimaji wa mbao na gundi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina wataalamu wa sayansi ya mbao, na Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI. Nendeni na vipande vilivyovunjika mkononi. Na kama kuna kenchi ya gundi nyeupe ambayo tayari imeshapanda juu, hata moja, izuieni kwa nguzo na ondoeni watu chini yake hadi mhandisi aikague. Huenda akawaambia kwamba kwa ukumbi wa ukubwa huo kenchi za bolti au bamba za chuma ni nafuu na salama zaidi. Mkisikia hivyo kubalini, na viungo vya gundi muendelee kuvipima mezani.